Kutoka "mama" hadi "binti": abiria wa Boule de Suif

"Abiria walimtenga kwa sababu alikuwa kahaba." Kila rundo la insha kuhusu Boule de Suif ya Guy de Maupassant lina sentensi hii, na safari hii nimechoka kuiandikia "angalia tena" pembeni. Kama ukahaba ndio ungekuwa sababu, hadithi ingekufa katika kurasa kumi za mwanzo, kwa kuwa hao abiria wamekula chakula chake, wamekunywa kwenye kikombe chake na wamepiga naye soga hadi usiku, huku wakijua vizuri kazi yake.

Muktadha kwa ufupi. Hadithi ilitoka mwaka 1880 katika mkusanyiko Les Soirées de Médan, na inahusu vita vya 1870 hadi 1871 kati ya Ufaransa na Prussia, dola ya Kijerumani. Mji wa Rouen umetekwa. Watu kumi wanaondoka kwa gari la farasi kuelekea Dieppe, wafike Le Havre. Mjini Tôtes afisa wa Prussia anawazuia mpaka Elisabeth Rousset, mwenye lakabu ya Boule de Suif, yaani donge la shahamu, alale naye. Anakataa. Wenzake wanamshinikiza, anakubali, na kesho yake hawamtazami usoni.

Sasa tuanze na vitanda, maana ndiko insha zinakoteleza. Kabaila Hubert de Bréville amepataje ukabaila? Kwa simulizi ambayo ukoo wenyewe unajivunia, bibi mmoja wa ukoo huo alipewa mimba na mfalme Henri IV, na mumewe akalipwa cheo na ugavana wa jimbo. Watu hukimbilia hapa methali ya nyani na kundule. Haifai. Kabaila huyu kundule analiona, tena anavaa na kujipamba ili afanane zaidi na mfalme huyo. Mkewe anasifika kwamba aliwahi kupendwa na mtoto mmoja wa mfalme Louis-Philippe. Mke wa Carré-Lamadon, mwenye viwanda vitatu vya pamba, ndiye kitulizo cha maafisa wa familia bora wanaoletwa kambini Rouen. Yote haya yamo katika utambulisho wa abiria, kabla gari halijafika mbali. Kitanda hakijawahi kuwashushia watu hawa hadhi. Kwa kabaila ndicho kilichompa cheo.

Wala si hadithi ya tajiri na maskini, kosa la pili kwa wingi. Boule de Suif ana mtumishi, na nyumba aliyoiacha imejaa vyakula. Alikimbia kwa sababu alimrukia kooni Mprusi wa kwanza aliyeletwa kulala kwake, ikabidi ajifiche. Wenye mali wanasafiri kwa sababu nyingine. Carré-Lamadon ameshatuma faranga 600,000 Uingereza. Loiseau, muuza mvinyo mbovu kwa jumla, ameliuzia jeshi la Ufaransa mvinyo wote uliobaki ghalani na anakwenda kudai malipo. Hata kibali cha safari wamekipata kwa kujuana na maafisa wa Kijerumani. Mzalendo garini ni mmoja, na ndiye wanayemhubiria wajibu wake kwa wenzake.

Kuhusu kapu la chakula la Boule de Suif, kuku wawili wazima na chupa nne za mvinyo, sina mengi. Kila mtu analikumbuka. Angalia tu utaratibu wa kukubali: Loiseau kwanza, kisha masista, na kabaila mwishoni kabisa. Ngazi ya hadhi unaisoma kwa muda ambao kila mmoja anastahimili njaa.

Ninachotaka mkikalie ni maneno ya kumwita. Chukua kalamu, upige mstari kila mahali anapotajwa au kuitwa. Asubuhi wanawake wananong'ona "kahaba" na "aibu ya umma", kwa sauti inayomfikia. Kapu likifunguliwa anakuwa madame, neno la heshima kwa mwanamke aliyeolewa, na kabaila mwenyewe anapokea chakula kwa neno hilo. Siku zinapita Tôtes akiwa madame. Halafu, baada ya chakula cha mchana walichokitumia kumsimulia Judith, mjane wa kale aliyetumia urembo wake kumwua Holofernes, jemadari wa adui, wanaanza kumwita mademoiselle, neno la asiyeolewa. Maandishi yanasema wazi kwamba ni kama walitaka kumshusha daraja moja.

Hapa wanafunzi hunijibu: lakini hajaolewa, mademoiselle ndiyo sahihi! Ndiyo, ni sahihi, na ndiyo maana inauma. Wamengoja siku wanayotaka kumtumia ndipo wakakumbuka sarufi. Tafsiri inayoandika "bibi" pote pawili imelifuta pigo hili lote. Mimi ningeweka "mama" kisha "binti". Msomaji wa Kiswahili anajua mtu mzima anavyojisikia akiitwa mama Jumatatu na binti Jumanne, na watu ni walewale. Na huyu ni mama kweli: ana mtoto anayelelewa na wakulima Yvetot.

Kesho yake, matembezini, kabaila anamshika mkono na kumwita mwanangu mpendwa, kisha anaingia katika tu, "wewe" ya Kifaransa unayomwambia wa karibu au wa chini. Kiswahili hakina kiwakilishi cha kubeba tofauti hiyo, na sijapata suluhisho linaloniridhisha.

Mashaka mengine ninayo. Cornudet, mpenda jamhuri, anawaambia wenzake usiku ule Boule de Suif alipokubali kwamba wamefanya uovu, na wengi humpa taji kwa hilo. Lakini yeye alimtaka mwanamke huyo korido usiku wa kwanza, akakataliwa kwa sababu adui yumo nyumbani, na kesho garini ana mayai manne ya kuchemsha ambayo hampi hata moja. Siwezi kusema hasira yake ni ya haki au ya aliyenyimwa. Msimulizi naye hanitulizi: uso wa mwanamke huyu ni tofaa jekundu, vidole ni soseji fupi zilizoungana kama tasbihi. Ama anatuonyesha jinsi abiria wanavyomtazama, ama yeye mwenyewe ameketi nao mezani. Kila nikisoma nabadili jibu.

Malizeni zoezi la kalamu kwenye safari ya mwisho. Yeye bado anasalimia kwa madame, kwa unyenyekevu, na mke wa Carré-Lamadon anajibu kwa kichwa tu. Baada ya hapo hakuna mama, hakuna binti, hakuna mwanangu. Anapoangua kilio, mke wa Loiseau anatamka maneno yasiyoelekezwa kwake: "Analia aibu yake." Katika Kifaransa amebaki elle, "yeye" ya kike. Katika Kiswahili amebaki herufi moja, ile a- mwanzoni mwa kitenzi.