Koo linalouma upande mmoja: maswali kuhusu jipu la tonsili

Mwezi wa saba Moshi hupiga baridi ya kweli, na baridi ikishuka tu kutoka mlimani simu yangu hujaa maswali ya koo. Mengi ni mafua. Wiki iliyopita, hata hivyo, dada mmoja wa Pasua alinitumia picha ya koo la mdogo wake, kijana wa bodaboda wa miaka 22, na chini yake ameandika: "Shikamoo daktari. Kimeo chake kimehama. Tumpeleke kukata?" Mimi ni tabibu, si daktari, ila hilo jina watu wa mtaani kwetu wameshanipa na nimechoka kulikataa. Nikampigia palepale. Mengi ya haya hapa chini ndiyo niliyomjibu yeye na mama yake, na mengine nimeongeza kutokana na maswali ninayoulizwa kila mara.

Jipu la tonsili ndiyo hayo hayo mafindofindo, au ni kitu kingine?

Huanzia kwenye mafindofindo, kisha linavuka mpaka. Tonsili, au tonsesi kama wengi tunavyosema, ni vinyama viwili vilivyokaa pembeni mwa koo, kimoja kila upande. Vikishambuliwa na vijidudu vinavimba, vinakuwa vyekundu, wakati mwingine vinapata madoa meupe. Hayo ni mafindofindo. Kwa wengi huisha ndani ya wiki.

Kwa wachache, vijidudu hupenya hadi nyuma ya tonsili, kwenye nafasi iliyo kati ya tonsili na msuli wa ukuta wa koo. Pale panatunga usaha. Kwa hiyo jipu lenyewe haliko ndani ya tonsili bali nyuma na juu yake, nalo huisukuma tonsili kuelekea katikati ya koo. Karibu kila mara huwa upande mmoja tu. Huwapata zaidi vijana na watu wazima ambao bado wana nguvu zao, na wavutaji wa sigara wamo kwenye hatari kubwa kidogo. Vijidudu vyenyewe kwa kawaida ni mchanganyiko: streptokokasi, yule msumbufu wa koo wa siku zote, pamoja na bakteria wanaopenda sehemu zisizo na hewa.

Nitalijuaje nikiwa nyumbani?

Mwangalie mgonjwa kabla hujamwangalia koo. Yule kijana wa Pasua alipofika alikuwa ameshika chupa tupu ya maji, na kila baada ya nusu dakika anaiinua na kutema mate ndani yake. Hakuwa na kikohozi. Alikuwa hawezi kumeza hata mate yake mwenyewe. Kichwa amekiinamisha kidogo upande wa kushoto, mdomo umefunguka nusu, na pumzi inanuka usaha. Nilipomuuliza jina alijibu kama mtu mwenye tonge la ugali wa moto mdomoni. Sauti hiyo ukiisikia mara moja huisahau.

Kuna kipimo cha vidole ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya. Mwambie mgonjwa afungue mdomo na apachike vidole vyake mwenyewe, vikiwa vimesimama, kati ya meno ya juu na ya chini. Mtu mzima mzima wa afya huingiza vitatu. Kijana wetu aliingiza kimoja, cha pili kikagoma. Taya hukaza kwa sababu misuli ya kutafunia iko jirani kabisa na jipu, na misuli ikikaa karibu na moto nayo inakakamaa. Mafindofindo ya kawaida huuma sana, lakini mara chache humfunga mtu mdomo namna hiyo.

Kingine cha kuuliza ni historia. Mara nyingi utasikia hadithi ya aina moja: koo liliuma pande zote mbili siku tatu au nne, likaelekea kupoa, halafu ghafla likahamia upande mmoja kwa ukali mpya na homa ikarudi. Hapo nami huanza kutafuta tochi.

Sikio nalo linauma. Tumeshamtia dawa ya matone.

Acheni matone. Koo na sikio vinahudumiwa na neva moja, kwa hiyo maumivu ya koo husikika sikioni, upande uleule. Sikio lake nililiangalia, lilikuwa safi.

Na hicho kimeo kilichohama? Bibi anasema kikikatwa atapona.

Shikamoo yangu imfikie bibi, lakini hapana.

Kimeo, ambacho wengine hukiita kilimi, ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo. Hakina kosa lolote hapa. Jipu likijaa upande wa kushoto, linaisukuma kaakaa laini, na kaakaa linakisukuma kimeo kuelekea kulia. Kimeo kimesogezwa kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha nyuma cha Haisi, anaingia abiria mnene, naye anabanwa dirishani. Ukimshusha huyo wa dirishani, yule mnene bado yumo.

Kwa hakika kimeo kilichoelekea upande ni msaada mkubwa kwetu: kinatuonyesha jipu liko wapi. Liko upande wa pili wa pale kimeo kinapoelekea. Kukikata, hasa kwa kisu kisichochemshwa, kunaleta damu nyingi karibu na njia ya hewa, kunaingiza vijidudu vipya, na usaha unabaki palepale ulipokuwa. Hayo ni kwa mtu mzima. Mtoto mdogo akitoka damu kooni anaweza kuimeza kimyakimya hadi akalegea mikononi mwako.

Nitasema na jambo jingine ambalo halinipatii marafiki: kuna wanaobinya mafindofindo kwa kidole kilichopakwa chumvi. Usimruhusu mtu afanye hivyo kwenye koo lenye jipu. Likipasuka kwa ghafla mgonjwa akiwa amelala chali, usaha unaweza kuteremka kwenye mapafu.

Hospitali wanathibitisha vipi? Kuna kipimo cha damu?

Watu hupenda kipimo cha damu. Ugonjwa huu kwa sehemu kubwa hugunduliwa kwa macho, masikio na sindano.

Kwanza mtoa huduma ataangalia kama mgonjwa anapumua vizuri. Kisha tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi. Anatafuta kaakaa laini lililovimba na kuwa jekundu juu ya tonsili moja, tonsili iliyosukumwa ndani na chini, kimeo kilichoegemea upande wa pili. Shingoni atapapasa tezi chini ya taya. Picha hiyo ikikamilika pamoja na mdomo usiofunguka na sauti ya tonge la moto, daktari mzoefu hana shaka kubwa.

Shaka inayobaki ni moja: je, usaha umeshatunga, au bado ni uvimbe mgumu? Kama jipu la mguuni, na hili nalo huanza likiwa halijaiva. Likiwa changa, dawa peke yake inaweza kulirudisha. Likiwa limeiva linataka kutolewa. Kwa macho tu si rahisi kutofautisha, ndipo sindano inapoingia. Mgonjwa anaketi wima, anapuliziwa au kuchomwa ganzi, kisha daktari anaingiza sindano kwenye sehemu iliyotuna zaidi na kuvuta. Usaha ukija, umeshapata jibu na umeshaanza tiba kwa mkono mmoja. Usipokuja, anajaribu sehemu ya chini kidogo. Wakati mwingine huongeza mkato mdogo ili usaha utoke wote.

Wengi huogopa hapo, na siwalaumu. Lakini usijaribu kulitoboa nyumbani kwa sindano ya kushonea, hata ukiwa unaona lilivyotuna. Nyuma kidogo tu ya tonsili unapita mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kichwani. Daktari anajua aingie kina gani na aelekeze wapi.

Palipo na altrasaundi ya kuingia mdomoni, nayo huonyesha usaha bila kuchoma. Picha ya CT hutumika pale daktari anapohofia kwamba jipu limeshuka shingoni au mgonjwa hawezi kabisa kufungua mdomo. Damu itachukuliwa pia, kuangalia chembe nyeupe, sukari na virusi vya UKIMWI, kwa sababu kisukari na kinga dhaifu hubadilisha namna ya kumtibu mtu. Damu pekee haiwezi kukwambia kama kooni kuna jipu.

Jipu hili linaweza kufanana na nini kingine?

Taya lililofunga huwafanya watu wafikirie pepopunda, na si wazo baya, hasa kama mgonjwa ana kidonda. Tofauti ni kwamba pepopunda haivimbishi koo upande mmoja. Gego la mwisho likioza pia hufunga mdomo, kwa hiyo meno lazima yaangaliwe. Machubwichubwi huvimba nje, mbele na chini ya sikio. Dondakoo huweka utando wa kijivu uliong'ang'ania kooni. Chanjo za watoto zimelifanya kuwa nadra, lakini halijafutika. Na mzee mwenye tonsili moja iliyokua polepole, haina homa, haina maumivu makali, huyo asiambiwe ana jipu. Aonwe na daktari wa masikio, pua na koo achukuliwe kinyama cha kupimwa, kwani saratani nayo hukaa hapo.

Duka la dawa walimpa vidonge na havikusaidia.

Alipewa amoksilini za siku tatu, akameza siku mbili. Hata angemaliza, dawa inayosafiri kwenye damu haifiki vizuri katikati ya mfuko wa usaha, maana humo damu haipiti. Ndiyo maana usaha utolewe kwanza. Baada ya hapo dawa inafanya kazi yake: mara nyingi huanzishwa kwa mshipa, aina ya penisilini pamoja na metronidazo au nyingine ya jamii hiyo, kisha vidonge hadi zitimie siku 10 au hata 14. Kwa kuwa wengi hufika wakiwa hawajanywa maji siku mbili, dripu huwa sehemu ya tiba.

Kijana wetu alitolewa usaha mchana. Ilipofika jioni alikuwa anaingiza vidole viwili na nusu mdomoni, na dada yake amemletea mtori kwenye chupa ya chai. Sijui chakula kinachomfaa mgonjwa wa koo kuliko mtori uliopoa kidogo. Wa Machame watasema waliugundua kwa ajili hiyo.

Mtoto wa miaka mitatu naye anaweza kupata?

Kwa umri huo jipu hupenda zaidi kukaa nyuma ya koo, mahali ambapo hata tochi haipaoni vizuri. Dalili zake ni homa, kukataa kula, udenda, na shingo asiyotaka kuigeuza. Mtoto anayetoa udenda, amekaa ameinama mbele na anapumua kwa sauti, usimfungue mdomo kwa kijiko wala kumlaza kwa nguvu. Unaweza kuifunga kabisa njia ya hewa. Mbebe alivyokaa, nenda hospitali.

Twende wapi, na haraka kiasi gani?

Mwenye koo la upande mmoja, mdomo usiofunguka na asiyemeza mate aonwe siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili. Zahanati na vituo vingi vya afya vitamwanzishia dawa na dripu, lakini kutoa usaha kunataka mkono uliozoea, kwa hiyo tegemea rufaa. Kwa wa Moshi hospitali ya mkoa ni Mawenzi, na hospitali ya rufaa ya KCMC wana idara ya masikio, pua na koo. Kwa wa Arusha, hospitali ya mkoa ni Mount Meru. Uliye Rombo au Mwanga usisubiri usiku uingie ndipo utafute usafiri.

Anayehema kwa shida, anayetoa mlio akivuta pumzi, au shingo yake imevimba na kuwa ngumu, huyo karatasi ya rufaa itamkuta mbele ya safari. Asipakiwe kwenye bodaboda. Tafuteni gari, na akae wima njia nzima.

Tonsili zikatwe?

Si lazima. Wengi wakitibiwa mara moja haliwarudii. Likirudi, au mtu akiwa na mafindofindo ya kila mara, daktari wa koo atazungumza naye kuhusu kuzitoa, kwa kawaida baada ya uvimbe kuisha.

Mwisho: anaweza kutuambukiza? (Hili aliuliza mama yake, akiwa ameshika mlango.)

Jipu lenyewe haliruki kutoka kwa mtu hadi mtu. Streptokokasi aliyelianzisha ndiye anayeruka, kwa mate na kwa chafya. Mpeni kikombe chake na kijiko chake kwa siku mbili tatu za kwanza za dawa. Na kama Jumamosi kuna shughuli ya ukoo huko juu, ile kata ya mbege inayozunguka kutoka mkono hadi mkono, yeye aipishe. Pombe hata hivyo haimfai akiwa anatumia metronidazo.