Nyota wa Sinema za Kale na Vita Kuu: Dhana Zilizozoeleka na Ukweli Wake

Anayependa filamu za rangi nyeusi na nyeupe na mabango ya miaka ya 1940 hurithi pia hadithi nyingi zinazosimuliwa juu yake. Nyingi husimuliwa kwa nia njema, lakini baadhi zimewapunja watu waliotumikia kweli, na nyingine zimewapa watu sifa wasizokuwa nazo. Nimechagua zile ninazozisikia mara kwa mara, kwa sababu naamini watu hawa wanastahili kupendwa kwa yale waliyoyafanya hasa.

Iliyoenea kuliko zote ni ile inayodai kwamba nyota wa Hollywood waliovaa sare za jeshi katika Vita Kuu ya Pili walizivaa kwa ajili ya wapiga picha tu, kisha wakarudi kulala katika majumba yao. Kwa James Stewart, dhana hiyo ni dhuluma. Mwezi Februari 1941 alipokea tuzo ya Oscar, na tarehe 22 Machi mwaka huohuo aliingia jeshini akiwa askari wa cheo cha chini kabisa, miezi zaidi ya minane kabla ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini huko Hawaii, na Marekani kuingia vitani. Awali alikuwa amekataliwa kwa kuwa uzito wake haukufikia kiwango, naye akajitahidi kuuongeza mpaka akakubaliwa. Urubani alikuwa ameshaujua kutoka uraiani, na jeshi lilitaka kumweka nyumbani awafundishe wengine, lakini alishikilia kwenda vitani. Mwezi Novemba 1943 alifika Tibenham, katika jimbo la Norfolk nchini Uingereza, akiongoza skwadroni ya ndege za B-24 Liberator zilizokuwa zikidondosha mabomu juu ya Ujerumani. Rekodi zinamhesabia safari 20 za mapambano, na wakati huo kuongoza msafara wa ndege kulimaanisha kubeba roho za vijana wengi ambao huenda usingewaona tena jioni. Alimaliza vita akiwa kanali, na mwaka 1959 akapandishwa kuwa brigedia jenerali katika jeshi la akiba. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba hakutaka filamu zake zitangazwe kwa kutumia utumishi wake wa kijeshi. Anayeitazama upya filamu yake ya kwanza baada ya vita, It's a Wonderful Life ya mwaka 1946, huku akiyajua haya, huuona uso uleule kwa namna tofauti.

Clark Gable naye hutajwa kama mfano wa askari wa maonyesho. Ni kweli kwamba alipelekwa Uingereza kutengeneza filamu kuhusu wapiga bunduki wa ndege, lakini alipanda ndege za B-17 katika safari tano za mapambano, akiwa mtu wa zaidi ya miaka 40 ambaye mkewe, Carole Lombard, alikufa katika ajali ya ndege Januari 1942 alipokuwa akirejea kutoka kuuza hati fungani za vita. Kwa upande mwingine, wako wanaoamini kwamba John Wayne alipigana, kwa kuwa wamemwona akipigana mara nyingi mno kwenye skrini. Hakuwahi kuwa mwanajeshi. Aliahirishiwa wito wa jeshi, kwanza kwa sababu ya familia, ingawa alisafiri hadi Pasifiki kuwatumbuiza askari.

Hadithi ya mwigizaji Hedy Lamarr imepotoshwa pande mbili. Zamani ilisemwa kwamba hakuwa na lolote zaidi ya sura. Siku hizi inasemwa kwamba ndiye aliyevumbua Wi-Fi. Mzaliwa huyu wa Vienna, akishirikiana na mtunzi wa muziki George Antheil, alipata hataza (hati ya kulinda haki ya mvumbuzi) namba 2,292,387 nchini Marekani tarehe 11 Agosti 1942. Wazo lao lilikuwa kuongoza torpedo (kombora linalosafiri majini) kwa redio ambayo masafa yake ya mawimbi yanabadilika haraka kwa mpangilio unaojulikana na mtumaji na mpokeaji peke yao, ili adui asiweze kuyavuruga mawasiliano. Mpangilio huo ungetunzwa katika karatasi zilizotobolewa, kama zile za piano zinazojipiga zenyewe, na masafa yalikuwa 88, sawa na idadi ya vitufe vya piano. Jeshi la majini halikuutumia uvumbuzi huo wakati wa vita, na kulikuwa na watu waliowahi kufikiria kubadilisha masafa kabla yao. Bluetooth ya leo hutumia kanuni ya jamii hiyo, lakini kati ya karatasi za mwaka 1942 na simu iliyo mfukoni mwako pana kazi ya wahandisi wengi. Kwangu mimi, mwigizaji aliyeketi nyumbani baada ya kazi akitafuta njia ya kuishinda manowari ya adui ni habari kubwa ya kutosha bila kuongezewa chumvi.

Katika sanaa ya mabango, hakuna picha iliyoeleweka vibaya kama ile ya mwanamke aliyefunga kitambaa chekundu chenye madoa meupe na kukunja mkono wake. Wengi huamini kwamba ilibandikwa kote Marekani kuwaita wanawake viwandani na kwamba jina lake ni Rosie, jina alilopewa mwanamke wa kubuniwa wa viwanda vya vita. Bango hilo lilichorwa na J. Howard Miller kwa ajili ya kampuni ya Westinghouse, likatundikwa ndani ya viwanda vyake kwa takriban wiki mbili mwezi Februari 1943, mbele ya watu waliokuwa tayari kazini, kisha likaondolewa. Umaarufu wake ulianza miaka ya 1980. Rosie aliyejulikana wakati wa vita ni yule wa mchoraji Norman Rockwell, aliyetokea kwenye jalada la gazeti la Saturday Evening Post la tarehe 29 Mei 1943, mwanamke mwenye mabega mapana, mkate mkononi, na jina lake limeandikwa kwenye kisanduku cha chakula. Vivyo hivyo, bango la Uingereza linalosema Keep Calm and Carry On (Tulia na Uendelee) lilichapishwa mwaka 1939 kwa zaidi ya nakala milioni mbili, lakini karibu zote hazikuwahi kubandikwa. Lilifahamika baada ya nakala moja kuonekana katika duka la vitabu huko Alnwick mwaka 2000.

Dhana ya mwisho inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. The African Queen, filamu iliyompa Humphrey Bogart Oscar yake pekee, ilipigwa Uganda na Kongo mwaka 1951, na humo meli ya Wajerumani inazamishwa na mashua chakavu. Watazamaji huchukulia kwamba ndivyo ilivyotokea kwa meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika. Meli hiyo, iliyoletwa vipande vipande kwa treni kutoka Dar es Salaam, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma mwezi Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, walipokuwa wakirudi nyuma, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake grisi nzito ili isiharibike majini. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari zake upya kwa jina la Liemba, ikapakia abiria na mizigo ya ziwa lilelile kwa miongo mingi.