Mita zako za kuacha unazihesabu kuanzia wapi?

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba na kuzifuatilia mpaka kibali kitoke, na kinachorudisha ramani nyingi mezani kwangu wala si ubaya wa nyumba, ni tepu kushikwa mahali sipo. Mteja anakuja kajaa: "Si nimeacha mita 5 mbele?" Umeacha kweli, ila umepima kutoka ukingo wa lami. Setibaki, ile nafasi unayotakiwa kuiacha wazi, inahesabiwa kutoka mpaka wa kiwanja, yaani ule mstari wa bikoni (jiwe la mpaka) kwa bikoni, na kati ya lami na bikoni mara nyingi kuna hifadhi ya barabara ambayo si yako. Fensi nayo usiiamini sana, aliyeijenga huenda alifuata miti tu.

Chukua kiwanja cha mita 15 kwa 30. Tuseme (namba za mfano hizi, kila mji una zake) mbele unaacha 5, nyuma 3, pembeni 1.5 kila upande. Inabaki 12 kwa 22, mita za mraba 264, na hapo watu washaanza kugawana vyumba. Subiri kwanza. Kama kuna kipengele kinachosema nyumba isifunike zaidi ya nusu ya kiwanja basi mwisho wako ni 225, zile 39 sahau. Huchagui sheria ya kufuata, zote zinakuhusu na inayobana zaidi ndiyo inakukamata.

Urefu wa nyumba kwenda juu ndo balaa kabisa. Mtu anajaza kifusi mita nzima halafu anapima kuanzia juu ya kifusi, wakati miji mingi inataka usawa wa ardhi ya asili, kabla hujaigusa. Kwenye mteremko wengine wanachukua wastani wa kona za nyumba, wengine wanapima kutoka ardhi iliyo chini ya kila sehemu ya paa, na nyumba ileile inapita huku inagoma kule.

Halafu kuna mstari wa mshazari, huu naupenda kwa sababu unamwachia jirani jua. Simama mpakani, panda tuseme mita 3 juu, kuanzia hapo chora nyuzi 45 kuingia kwako, nyumba isiuvuke. Ukuta ulio mita 1.5 kutoka mpakani unaishia mita 4.5, ukitaka ufike 7 urudishe ndani mpaka mita 4. Ndo maana unaona ghorofa za juu zimerudi nyuma kama ngazi. New York waliweka kwenye sheria wazo kama hili mwaka 1916, mwaka mmoja tu baada ya jengo la Equitable kupanda wima na kufunika mtaa kwa kivuli.

Na upenu jamani! Ukuta uko sawa, paa limetoka sentimita 60, juu yake gata, na kuna miji inapima hadi ncha ya gata. Mteja wangu mmoja aliligundua hilo kenchi zote zikiwa zimeshapigiliwa, tukashinda tunazikata ncha mojamoja na msumeno wa mkono.