Je, wajua kilomita 770 za gari la umeme huishia wapi?

Swali lilianzia Sinza, kwenye sehemu ya kuoshea magari. Liliingia Mercedes-Benz EQS, lile sedani kubwa la umeme lenye urefu wa mita tano na ushee. Halikuwa na mlio, na vijana wa pale wakawa wanaogopa kulipiga maji ya presha wasije wakapigwa shoti. (Halina shida hiyo. Kama linanyeshewa masika nzima, litashindwaje na mpira wa maji?) Kijana mmoja akamuuliza mwenye gari, "Bosi, hili likijaa chaji linafika wapi?" Akajibiwa, "Kilomita mia saba na sabini." Dereva wa bajaji aliyekuwa anasubiri zamu yake akadakia, "Kwa AC au bila AC?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, ila nilipofika nyumbani nikaona kwamba yule wa bajaji ndiye peke yake aliyeuliza swali la maana.

Ile 770 haikutungwa na muuza magari. Ndiyo namba iliyotangazwa kwa EQS 450+ lilipotoka mwaka 2021, kwa kipimo cha Ulaya kiitwacho WLTP. Gari hufungwa maabara, magurudumu yake yakizunguka juu ya mapipa ya chuma, kwenye joto la nyuzi 23, AC ikiwa imezimwa. Mzunguko mmoja ni kilomita 23 na kidogo, kwa dakika 30, ambayo ni wastani wa kilomita 46.5 kwa saa. Kuna kipande kifupi kinachofika 131, kisha basi. Wamarekani wana kipimo chao cha EPA, wakala wao wa mazingira, nao wakishapata matokeo ya maabara kwa kawaida huyazidisha kwa 0.7 ili yafanane na uendeshaji wa kweli. Gari hilohilo kwao likaandikwa maili 350, yaani kilomita 563. Kilomita zaidi ya 200 zimeyeyuka na gari halijatoka hata getini.

Kwa nini namba iyumbe kiasi hicho? Gari la petroli nalo lina namba za kwenye karatasi, na hakuna anayekosa usingizi kwa ajili yake.

Jibu liko kwenye ukubwa wa tenki. Betri ya EQS hilo la 2021 ina kilowati-saa 107.8 zinazotumika, na kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya LUKU. Kwa hiyo chukulia uniti 108. Kwa bei ya T1, ile ya matumizi ya kawaida, ambako elfu kumi inakupa uniti 28 hivi, kulijaza ni kama elfu 39, na ongeza kidogo kwa umeme unaopotea njiani wakati wa kuchaji. Sasa linganisha: lita moja ya petroli ina nishati ya uniti kama 9. Betri nzima hiyo, yenye uzito wa karibu kilo 700, imebeba nishati ya lita 12 za petroli. Lita kumi na mbili! Dumu la mafuta ya kula la lita 20 halijai.

Gari la tani mbili na nusu linafikaje mbali kwa lita 12? Kwa sababu mota ya umeme haina ufujaji. Injini ya petroli hutupa zaidi ya nusu ya nishati yake kama joto, ndiyo maana boneti inachoma na rejeta inahangaika. Mota hupoteza sehemu ndogo tu. Lakini hapo ndipo siri ilipo: kwenye nyumba yenye matumizi holela, taa moja ikisahaulika hakuna anayejua. Kwenye nyumba inayohesabu kila shilingi, taa hiyohiyo inaonekana. Upepo, AC, mlima, tairi, vyote vipo kwenye gari la petroli pia, ila vimefunikwa na hasara ya injini. Kwenye gari la umeme vinabaki uchi.

Tuanze na upepo, maana ndio mlaji mkubwa barabara ikifunguka. Toa mkono dirishani gari likiwa kwenye 60, kisha utoe tena likiwa kwenye 120. Nguvu inayousukuma mkono haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. EQS limeumbwa kama kipande cha sabuni kilichotumika, na watengenezaji wakalipigia debe kweli kwa kukata upepo: kipimo chake cha kukinzana na upepo ni 0.20, cha chini mno kwa gari la kuuzwa madukani. Ukitaka kujua umbo lina thamani gani, tazama ndugu yake, G 580 ya umeme, lile kabati la mraba ambalo wakubwa wetu wanalipenda. Betri yake ni kubwa zaidi, uniti 116, lakini kwa kipimo hichohicho cha Ulaya linaishia kilomita 473. Uzito nao umechangia, kwa kuwa linapita tani tatu, lakini huwezi kuukata upepo kwa kabati.

Sasa ingia foleni. Saa kumi na moja jioni, kutoka Posta unaelekea Mbezi ya Kimara, spidi ya wastani kilomita kumi kwa saa, na hiyo ni siku njema. Upepo hapo hauna kazi. Gari halikimbii kiasi cha kuusumbua. Lakini AC inanguruma, skrini zinawaka, feni za viti zinazunguka. Tuseme vyote pamoja vinakula kilowati mbili, ambayo kwa joto la Februari si kubwa. Kilowati mbili kwa saa moja ni uniti mbili, na kwa saa hiyo umekwenda kilomita kumi tu. Ina maana kwa kila kilomita 100 za foleni, ubaridi peke yake utakula uniti 20, wakati magurudumu pengine yameridhika na uniti 14 au 15. Umenunua gari, kumbe unaendesha friji.

AC hiyohiyo, ukiwa Chalinze unakwenda 100, inakula uniti mbili tu kwa kilomita 100. Haijapungua nguvu, ila kilomita zinapita haraka, hivyo gharama yake inagawanywa kwa nyingi. Mjini upepo unalala na AC inakula, barabara kuu AC inalala na upepo unakula. Ndiyo maana swali la yule wa bajaji lina majibu mawili, kutegemea ulipo.

Na hapa kuna hofu moja naomba niiondoe, kwa sababu kila mtu huniuliza: "Likizimika foleni ya Mwenge je?" Ukipima kwa kilomita, foleni ni mbaya, betri ya EQS kwa mwendo ule niliousema ingekupa kilomita 300 na kitu, siyo 770. Lakini nani anatembea kilomita 300 ndani ya foleni? Pima kwa saa. Gari likiwa limesimama kabisa, AC inavuma, uniti 108 kwa kilowati mbili ni saa 54. Siku mbili na ushee za kukaa pale mataa, ukiwa na baridi. Njaa itakushusha kabla ya betri.

Mwendo ambao gari hili linaufurahia hasa ni ule ambao Dar hatuupati mchana: saa tano usiku, Barabara ya Bagamoyo nyeupe, unateleza kwenye 50 au 60 bila kusimamasimama. Hapo upepo ni mdogo na dakika za AC ni chache. Zile 770 ziko jirani.

Baridi, ambayo ndiyo kilio kikubwa cha wenzetu wa Norwei, sisi tumeepushwa nayo. Kule betri ikigandishwa na barafu inagoma kutoa umeme wake wote, na kupasha ndani ya gari kunakula sana. Yetu ni joto, na joto la Dar halipunguzi kilomita za leo kwa kiasi hicho. Linachosha betri miaka ikienda, hasa ukiliacha juani likiwa limejaa chaji asilimia mia.

Rimu, sasa. Najua watu wa rimu kubwa hawatanipenda. BMW i7 xDrive60, sedani lingine la daraja hilohilo, lilipopimwa kwa kipimo cha EPA kwa mwaka wa 2023 lilipata kilomita 512 likiwa na rimu za inchi 19. Likavalishwa za inchi 20 na tairi zake, likapata 476. Kilomita 36 zimeondoka kwa ajili ya kupendeza. Halafu kuna upepo ule mwingine, wa tairi: ukiwa mdogo, tairi linalaza tumbo na gari zito kama hili linalipia kila mita.

Basi tulipeleke Dodoma, maana ndiyo safari ambayo mwenye pesa wa Dar anaiwaza. Ni kilomita kama 450. Betri ikiwa na uniti 108, ukienda mwendo wa kistaarabu, 80 hadi 100, natarajia lile gari litumie uniti 80 na kitu. Ndani ya hizo kuna uniti tisa hivi ambazo hazihusiani na umbali kabisa: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na tani karibu tatu, ukihesabu na abiria, hazipandi huko bure. Ukirudi, sehemu ya uniti hizo unarudishiwa, kwa sababu gari likiteremka mota yake inageuka jenereta. Kazi hiyohiyo hufanyika kwenye kila tuta la kijijini: unapunguza mwendo, umeme unarudi kwenye betri, japo si wote. Ukiamua kukimbiza 120 njia nzima utafika Dodoma betri ikiwa inahema, lakini huwezi kukimbiza 120 njia nzima. Kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi chini ya mti. Sijui kama amewahi kushukuriwa, lakini anakuongezea kilomita.

Wenye magari haya kwa kawaida hawajazi hadi asilimia mia kila siku. Huishia 80 ili betri idumu, na hawapendi kushuka chini ya kumi. Kwa hiyo matumizi ya kila siku ni asilimia 70 ya chochote ulichoandikiwa, na kwa EQS ile ya kilomita 563 za Marekani hiyo ni kama 394. Kwa mtu wa Mikocheni anayefanya kazi mjini, hiyo ni wiki na zaidi.

Jambo la mwisho ndilo linalowachanganya wageni wa magari haya. Namba ya kilomita inayoonekana kwenye dashibodi haitoki kiwandani. Gari linakisia kwa kutazama ulivyoendesha hivi karibuni. Mtu anashinda siku nzima kati ya Kariakoo na Posta, jioni dashibodi inamwambia amebakiza 260. Kesho yake, bila kuchaji, anaanza safari ya Morogoro moyo ukimdunda. Anapita Kibaha inasema 265, anapita Mlandizi inasema 280, na mke wake aliye pembeni anauliza kama lile gari linajichaji lenyewe kwa jua.