Maji pande zote, ya kunywa kidogo

Kiangazi kikikaza hapa Dodoma na foleni ya madumu ikirefuka, hutakosa anayesema watu wa visiwani wamebarikiwa: maji pande zote! Ndiyo, ya bahari. Kisiwa kidogo cha matumbawe mara nyingi hakina mto. Mvua hupenya mwambani, na kwa kuwa maji yasiyo na chumvi ni mepesi, huelea juu ya yale ya chumvi kama tabaka jembamba. Ukipampu kupita kiasi, chumvi hupanda kisimani. Chumbe, jirani na Unguja, hutegemea mvua iliyovunwa kwenye mapaa. Sisi angalau tuna visima vya Makutupora.

Samaki nao si wa kuokota. Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji hufunga sehemu ya mwamba kwa muda ili pweza wakue; makubaliano hayo hayashiki jirani akivua kwa kuibia.