Kuchomoa waya wa betri si kipimo cha alternata

Wako mafundi wanaopima alternata (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) ya gari la zamani, tuseme Peugeot 504, kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiunguruma: gari likizima, alternata imekufa. Tafadhali usikubali gari lako lifanyiwe hivyo. Mtindo huo ni wa enzi za dainamo, mashine ya kuchaji ya kabla ya alternata, isiyo na daiodi (vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu). Alternata inazo, na betri ndiyo inayoutuliza umeme wake. Ukiitoa ghafla, volti zinaweza kuruka mara kadhaa ya kawaida na kuunguza daiodi zilizokuwa nzima.

Tumia mita ya volti. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma kama volti 12.6, injini ikiwaka, zipande hadi 13.8 au 14.4. Zikibaki 12, bado usikimbilie dukani. Bonyeza mkanda unaozungusha alternata kwa kidole gumba, huenda umelegea. Kisha fungua swichi bila kuwasha injini, utazame kama taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi inawaka. Magari mengi ya rika hilo huiamsha alternata kupitia balbu hiyo. Ikiungua, hata alternata nzima inaweza kugoma kuchaji. Mwisho kagua kaboni, vile vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka ndani ya alternata na kuipelekea umeme. Zikiwa zimelika, badilisha hizo tu.