Usimamizi wa Miradi katika Masomo ya Uzamili: Dhana Potofu na Ukweli

Wapo wanaodhani kwamba usimamizi wa miradi ni elimu ya wahandisi na wakandarasi pekee. Dhana hiyo haina mashiko, kwa sababu mradi ni kazi ya muda maalumu yenye mwanzo, mwisho na zao linalojulikana, na insha ya kozi ya uzamili ina sifa hizo zote.

Dhana iliyoenea zaidi, na kwa maoni yangu yenye madhara zaidi, ni kwamba mwanafunzi akishachora ratiba amekwisha kupanga. Ukweli ni kwamba ratiba hujengwa juu ya makisio, na mtu anapokisia kazi yake mwenyewe huwa na matumaini kupita kiasi. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza tabia hiyo mwaka 1979. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake wakaipima kwa wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani wanafunzi hao walikisia karibu siku 34, wakatumia zaidi ya 55. Hata walipotakiwa kukisia iwapo kila kitu kingekwenda mrama, walitaja karibu siku 49, ambazo nazo hazikutosha. Kwa hiyo makisio yaanzie kwenye kumbukumbu: insha iliyopita ilichukua siku ngapi hasa, tangu swali liliposomwa hadi kazi ilipowasilishwa?

Ratiba hiyohiyo huficha jambo jingine, nalo ni kazi zinazongojana. Mbinu ya njia muhimu, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na wataalamu wa kampuni za Marekani za DuPont na Remington Rand, humtaka mpangaji atafute mfululizo wa kazi ambazo moja ikichelewa, mradi mzima unachelewa. Katika kozi yenye mahojiano, mfululizo huo huanzia kwenye barua ya kuomba kibali, kwa kuwa bila kibali hakuna mahojiano, na bila mahojiano hakuna cha kunukuu wala kuchambua. Hata hivyo, si ajabu kumkuta mwanafunzi akihangaika wiki nzima na mapitio ya machapisho, ambayo yangeweza kuandikwa wakati jibu likisubiriwa, huku barua yenyewe ingali rasimu kwenye kompyuta.

Kuhusu kubadili mpango katikati ya muhula, wengi huona ni dalili ya kushindwa, ilhali mpango usioguswa kwa wiki nane mara nyingi ni mpango ambao hakuna anayeufuata.

Katika kazi za vikundi, huaminiwa kwamba kugawana kurasa sawasawa kunatosha. Kugawana ni rahisi. Shida iko katika kuunganisha. Usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho hugundulika kwamba mmoja ameandika “wahojiwa” na mwenzake “washiriki”, kwamba kuna majedwali matatu yote yakiitwa Jedwali la 1, na kwamba hitimisho limejibu swali ambalo utangulizi haukuliuliza. Kuunganisha ni kazi kamili inayostahili mhusika wake, siku zake katika ratiba na tarehe yake ya mwisho, na anayepewa kazi hiyo apunguziwe kurasa za kuandika, hata kama wenzake watanung’unika kwamba ameandika kidogo.